Mkono Ndani ya Chungu cha Pumba

Tangu nirudi Morogoro mmenisimamisha sokoni, msikitini na hata kwa kinyozi, kila mmoja akitaka kipande chake cha habari. Mmoja kasikia nilishikwa kwa wizi huko Unguja. Mwingine kaambiwa mkono wangu umeoza kwa kisomo. Mkono huu hapa, ndio unaoandika. Nimeona heri niiandike safari yote mara moja, mpeane, mniache ninywe chai yangu kwa raha.

Kazi yangu mnaijua. Kwenye mabango ya shule na kumbi naitwa Profesa Shangaza, nyumbani naitwa Selemani. Natoa mayai masikioni mwa walimu wakuu, napoteza saa za watu na kuzirudisha. Mwaka huu lakini nilichoka. Watoto walikuwa wakipiga makofi, nami moyoni nawaza chakula cha jioni. Nikasema nitakwenda likizo kwa mdogo wangu Zuhura, aliyeolewa Bwejuu, pwani ya mashariki ya Unguja, miaka minne iliyopita. Niliiacha kofia, nikaiacha fimbo, nikachukua leso tu, maana hata profesa ana pua. Nilitaka kukaa mahali ambapo hakuna mazingaombwe. Sasa cheka, halafu endelea kusoma.

Melini

Tuliambiwa meli itang'oa nanga asubuhi. Asubuhi ikapita, adhuhuri ikapita, tumekaa juu ya mizigo yetu pale gatini Dar es Salaam, hakuna anayejua tunangoja nini. Mimi nilikuwa na mfuko wa sukari na mwingine wa unga wa ngano, kwa kuwa Zuhura alikuwa amenitumia salamu kwamba vitu hivyo kisiwani vimekuwa adimu na watu wanavipangia foleni.

Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mwenye kanzu safi na kikapu cha hirizi. Aliniuzia maneno mazuri kuhusu hirizi ya kuzuia kichefuchefu cha bahari, imeshonwa kwa ngozi, isomewe mara moja ikae maisha. Abiria kadhaa walinunua. Mimi nilikataa kwa adabu, nikamwambia tumbo langu limezoea barabara ya Kilosa. Tulipofika mkondoni, meli ikaanza kuinuka na kushuka, na mtu wa kwanza kukimbilia ubavuni kutapika alikuwa yeye mwenyewe, shingoni ana hirizi tatu. Wale walionunua hawakutapika hata mmoja. Nilicheka peke yangu mpaka mama mmoja akanikaripia, akasema, "Wewe unacheka nini? Yeye kaugua kwa ajili yetu." Nikaona kwamba mama yule kaielewa biashara ile kuliko mimi.

Mjini na Ng'ambo

Nililala kwa rafiki yangu Salum, mshona nguo wa Mkunazini, katika nyumba ndefu ya mawe ambayo ngazi zake zina giza hata mchana. Siku zile mjini hapakuwa na mchele wa kutosha, basi tulikula mihogo ya kuchemsha kwa nazi na papa mkavu. Sikuona hasara. Alasiri tulikaa barazani tukinywa kahawa chungu, na Salum, ambaye hana siri, akawatangazia wote kwamba mgeni wake ni bingwa wa mazingaombwe.

Mzee mmoja akanitazama juu mpaka chini. "Mazingaombwe hayo unayafanya kwa jini gani?"

"Sina jini, mzee wangu. Nafanya kwa vidole."

"Ehe," akasema, akawageukia wenzake. "Walio nao ndivyo wasemavyo."

Nilijaribu kueleza, na kila nilipoeleza nikazidi kuonekana mwenye jini kubwa zaidi. Salum alikuwa akifurahi. Kesho yake, kwa kuwa gari la Bwejuu halikuwa na mafuta, akanipeleka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, kwa mganga mmoja anayeitwa Fundi tu, "ukamwone mwenzako."

Chumba kilijaa moshi wa ubani. Mbele yetu alikaa mwanamke kijana mwenye maumivu ya mgongo. Fundi akamchanja kidogo, akaweka mdomo, akafyonza, akatema kiganjani msumari wenye kutu. Mwanamke akapiga kelele, kisha akalia machozi ya kushukuru. Mimi sikuwa nikitazama msumari. Mtu wa kazi yangu hutazama mikono, tena mkono ule mwingine, na niliuona msumari pale ulipokuwa tangu mwanzo, umelala chini ya kidole gumba. Mkono wake ulikuwa mzito. Ningeweza kumfundisha.

Halafu akaingia mwingine, mwanamke aliyeolewa asiyepata mtoto. Huyu aliambiwa alete dhahabu iliyovaliwa na mwanamke aliyezaa, isomewe, izikwe. Nilipokuwa natoka Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Mlangoni palining'inizwa hirizi zake tayari kwa wateja, za kitambaa cheusi zilizoshonwa msalaba kwa uzi mwekundu.

Gari la shamba

Gari lilikuwa la mbao, na lilikufa baada ya msitu wa Jozani, mahali ambapo hapana nyumba wala mnazi. Dereva akafungua boneti, akaingiza kichwa, hakukitoa. Tulishuka, tukakaa ukingoni mwa njia tukila ndizi za mtu mmoja aliyekuwa akizipeleka harusini. Kila aliyekula alimwombea bwana harusi dua, kwa hiyo hakuna aliyejiona mwizi.

Mkono wangu ndio ulioniponza. Mtoto mchanga alikuwa akilia, nikamtolea kijiwe sikioni kumnyamazisha. Mama yake akaruka. Habari ikamfikia dereva ndani ya boneti.

"Bwana mkubwa!" akaniita. "Kama unatoa mawe kwenye masikio, na hili nalo lina sikio. Njoo!"

Nikaapa kwamba sijui gari. Hawakusikia. Mwishowe, ili yaishe, nilipapasa boneti kwa leso, nikapuliza. Dereva akazungusha hendeli, na gari likawaka. Wallahi liliwaka. Nadhani mashine ilikuwa imepoa tu. Lakini tulipofika Bwejuu sikuwa tena kaka yake Zuhura anayekuja likizo. Nilikuwa yule aliyefufua gari.

Bwejuu: pindo la kanga

Zuhura alinipokea kwa kicheko na machozi. Alikuwa amekonda. Nilipompa mikono yote miwili nikaona mkononi mwake, juu kidogo ya kiwiko, kitambaa cheusi kilichoshonwa msalaba kwa uzi mwekundu. Ndiyo hirizi ya mlangoni Ng'ambo. Mdogo wangu alikuwa mteja wa Fundi, na miaka minne ya ndoa haikuwa imempa mtoto.

Nyumba ile ina watu wachache. Mumewe Makame ni seremala mpole, anayesema neno moja pale wengine wangesema matano. Mama yake ni Bi Pili, mjane mwenye sauti kubwa na mikono migumu ya kusuka kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi. Yuko pia Mize, dada yake Makame, aliyerudi nyumbani baada ya kuachwa. Mize hakunipenda tangu siku ya kwanza, na sina hakika kama namlaumu, maana pamoja na sukari na unga nilifika na tumbo katika nyumba inayokula kwa kupima.

Jioni ile walikuja pia majirani wawili wanaofanya kazi ya makumbi pamoja na Bi Pili. Tulikula pweza wa nazi kwa majimbi, kisha Bi Pili akasema, "Haya baba, tumesikia ya gari. Na sisi tuoneshe kidogo, tusije tukahadithiwa na watu wa mbali."

Nikamwomba pete yake. Ilikuwa ya dhahabu, nene, aliyopewa na marehemu mumewe alipomzaa Makame. Ilitoka kidoleni kwa shida. Niliifunga ndani ya leso, nikaikunjua leso, hamna kitu. Mize akasogea nyuma. Nikamwambia Bi Pili atazame pindo la kanga yake, pale wanawake wanapofunga vitu vyao. Akafungua fundo, pete ikamwangukia mapajani. Alicheka mpaka akakohoa, akanipiga begani, akasema, "Ewe mtoto, una balaa wewe!" Na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi niliyafurahia makofi.

Bwejuu: siku mbili mbaya

Kesho yake bahari ilipokupwa wanawake walikwenda kufukua makumbi. Huyafukia mchangani ufukweni mpaka yaoze, kisha wakayafukua na kuyaponda yawe usumba, na harufu yake haibanduki kwenye dhahabu wala kwenye ngozi. Kwa hiyo Bi Pili alivua pete, safari hii kwa mafuta ya nazi, akaiweka ndani ya kikombe dirishani. Watu wakawa wanaingia na kutoka, huyu kaja kuchukua gongo la kupondea, yule maji. Makame alikuwa kwenye kiwanda chake uani. Mimi nilikuwa nimelala chumbani, mlango wazi, nakoroma kama mtu asiye na adui.

Bi Pili aliporudi, kikombe kilikuwa kitupu.

Kwanza walicheka, wakanijia wote. "Haya, irudishe." Nikasema sinayo. Wakacheka tena, kidogo. Bi Pili akafungua pindo la kanga, hamna. Akafungua na pindo la pili. Niliona kicheko kikimtoka usoni polepole, na hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimewaonesha kwa macho yao kwamba mimi ndiye ninayeweza kupoteza pete. Ningejiteteaje?

Makame alinifuata faraghani, jasho linamtoka. "Shemegi, mie sisemi ni weye. Lakini ikiwa ni weye, bora uwe mchezo."

Na kupitia ukuta nilimsikia Mize akimwambia mama yake, "Mwanamke hazai, na leo nduguye mwizi. Makame anangoja nini kumrejesha kwao?"

"Nyamaza," akajibu Bi Pili. Lakini hakusema kwamba ni uongo.

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa hali. Jina langu ningeweza kulibeba nikarudi nalo bara. Ndoa ya Zuhura ndiyo iliyokuwa ndani ya kikombe kile. Na lililoniuma zaidi ni kwamba mimi peke yangu nilijua Fundi huwaambia nini wanawake wasiozaa. Dhahabu iliyovaliwa na mwanamke aliyezaa.

Kesho yake nilimkuta Zuhura ufukweni, anaponda makumbi peke yake. Nikaokota kigae kidogo, nikamwonesha jinsi kinavyolala chini ya kidole gumba, kinavyokwenda mdomoni, kinavyotoka. Nikafanya mara mbili. "Ndivyo anavyofanya yule Fundi wako," nikamwambia. "Hakuna kingine."

Hakushtuka. "Najua, kaka. Msumari niliuona tangu hajautoa. Mie mdogo wako, nimekua nikikutazama weye ukijifunza."

"Sasa unamwendea kwa nini?"

Akaweka gongo chini. "Kwa sababu ananiuliza. Unalala? Unakula? Wanakusema? Humu ndani miaka minne hakuna mtu aliyeniuliza. Alipoutoa ule msumari nililia, nikalala usingizi usiku kucha."

Nilipaswa kuishia hapo. Badala yake nikamwuliza, "Zuhura, pete unayo?"

"Hata weye?" akasema, kisha akaokota gongo akaendelea kuponda, akanipa mgongo. Sikujua kama mgongo ule ulikuwa wa mtu aliyeonewa au wa mtu aliyekamatwa. Mikono naweza kuisoma. Migongo sijui.

Bwejuu: chungu

Majirani walitaka isomwe halbadiri. Kwa msiosikia habari zake, hicho ni kisomo cha kumwapiza mwizi, na watu hukiogopa kuliko polisi. Mwizi huvimba, hupofuka, huokota makopo. Maalim Khatibu, anayesomesha watoto Kurani chuoni pale kijijini, alikubali. Ila kwanza, akasema, tupitishe chungu.

Chungu kikubwa kilijazwa pumba za mpunga, kikawekwa chumba cha ndani, dirisha likafungwa. Baada ya sala ya alasiri sote tuliokuwa tukiingia na kutoka siku ile tukaitwa uani. Maalim alikuwa mtu mfupi, mwenye mafua. Akasema kila mmoja ataingia peke yake na ngumi imefumbwa, ataizamisha ngumi mpaka kiwiko, ataifumbua humo humo, atasoma Alhamdu mara moja, atautoa mkono. "Hakuna kupapasa," akasema. "Mwenye kitu kakiacha, asiye na kitu kaacha dua. Tukimaliza namimina. Ikiwemo, halbadiri haisomwi, na mtu asiulize tena katika mji huu. Isipokuwemo, ndio nisome."

"Na mwenye pete?" akauliza Mize.

"Ataanza yeye. Watu husahau vitu vyao."

Kisha akaniita pembeni, akafuta pua. "Nimeambiwa weye macho yako hukaa kwenye mikono ya watu."

"Ndiyo kazi yangu, Maalim."

"Leo yapumzishe. Katika watu wote hapa, weye ndiye peke yako unayeweza kuliharibu hili."

Akatupanga tukae tumeelekea upande wa bahari, mlango wa nyumba uko nyuma yetu. Hapo ndipo nilipoelewa nimekaa mbele ya fundi hasa. Hesabuni wenyewe. Giza, ili mtu asijione. Sura moja, ili wote wakae muda sawa. Pumba, ili kila mkono utoke mchafu, na mkono wa mwizi usitofautiane na wa mwenye mali. Kila kitu nilichojifunza kwa miaka kilikuwa pale uani, kimepangwa na mtu mwenye mafua. Mimi huficha ili nipigiwe makofi. Maalim alikuwa akificha ili mtu asitirike.

Akaingia Bi Pili. Akaingia Makame, wakaingia majirani wawili, akaingia Mize. Nilisikia nyayo zao zikitoka nyuma yangu, nikatazama bahari mpaka macho yakaniuma. Kisha ikawa zamu yangu, na baada yangu alibaki mtu mmoja tu, naye ni Zuhura.

Chumbani palikuwa na joto na harufu ya ghala. Nikazamisha ngumi. Nikaifumbua. Na sasa, jamaa zangu, nisikilizeni, kwa kuwa hapa ndipo safari yangu ilipofika. Vidole hivi vinajua kutafuta sindano ndani ya mfuko wa mtu bila yeye kuhisi. Kugeuza kiganja mara moja tu kungenitosha. Ikiwa pete imo, basi aliyeichukua keshapita, na mdogo wangu ni msafi. Ikiwa haimo, basi wa mwisho ni yeye, na nitajua. Nilitaka kujua kwa jinsi mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Nilisoma Alhamdu nikakosea katikati, nikaianza upya. Nikawaza, nikijua, nitamtazama vipi maisha yangu yote? Na nikimkuta hana kosa, nitakuwa nimempekua kwanza ndipo nikamwamini.

Niliutoa mkono bila kugeuza kiganja.

Zuhura akaingia, akatoka. Maalim akakibeba chungu mwenyewe, akakimimina juu ya jamvi, na pete ikatoka pamoja na pumba, ikabingirika kidogo, ikalala. Hakuna aliyepiga makofi. Bi Pili akaiokota, akaipangusa kwa kanga, akaivaa. "Haya," akasema, "nani ananisaidia kukuna nazi?" Wote tukainuka kwa pamoja, hata mimi, ambaye sijui kukuna nazi.

Kurudi

Siku ya kuondoka gari lilichelewa, kama ilivyo ada yake, na majirani wakaja kuniaga. Bi Pili akaketi kwenye kigogo, akaanza kuivuta ile pete kidoleni.

"Ipoteze tena," akaniambia, akaniwekea kiganjani.

"Bi Pili, tuiache."

"Ipoteze, baba. Lakini safari hii sitaki ije kwenye pindo langu. Itokee mkononi mwa mkaza mwanangu."

Mize aliinamisha uso. Makame alimtazama mama yake, kisha mkewe. Nami nikaifunga ndani ya leso, nikaikunjua, hamna. Nikamshika Zuhura ngumi, ilikuwa baridi, nikamwomba aifumbue. Pete ilikuwepo. Watu wakacheka na kupiga makofi, na Zuhura akanyoosha mkono kumrudishia mwenyewe.

"Iache hapo hapo," akasema Bi Pili. "Mie kidole kishavimba, kila nikienda kwenye makumbi naivua. Itapotea siku moja." Kisha akamvuta karibu, akamwuliza kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Umelala vizuri jana?"

Zuhura alimwekea mama mkwe wake kichwa begani akalia, na yule mama mwenye mikono migumu akawa anampangusa uso kwa pindo la kanga.

Mnaniuliza nani aliichukua. Wengine mmeniuliza mara tatu. Huenda ni Mize, kwa chuki. Huenda ni jirani. Huenda Bi Pili aliikuta ndani ya nguo zake akaona haya kusema, na ndiye aliyeingia wa kwanza. Huenda ni Zuhura. Sijui. Nilipewa nafasi ya kujua nikaiacha ndani ya pumba, na sijajuta.

Gari likaja, dereva akanisalimia kama shekhe, nikapanda. Zuhura alisimama njiani akanipungia. Mimi hutazama mikono ya watu, ndiyo kazi yangu, basi niliutazama ule wake. Kidoleni pete, na juu ya kiwiko, pale palipokuwa na kitambaa cheusi, ngozi tupu yenye alama ya uzi. Niliutazama mpaka gari likakata kona.